Umeme badala ya moshi: Miji ya barabarani kama Maungu ijitayarishe vipi?

MSAFIRI anayetoka Mombasa na kushuka Maungu, kiasi cha kilomita 30 kabla ya kufika Voi, hupokewa na mambo mawili: joto na harufu ya dizeli. Malori yanayotoka bandarini kuelekea Nairobi, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hupita hapa usiku na mchana. Mengi husimama ili dereva na taniboi wake wapate kula, kuoga na kulala. Kandokando ya lami kuna vibanda vya chakula, maduka, nyumba za kulala wageni, wauza matunda na vijana wa bodaboda. Wote hao huvuta hewa moja.

Kwa miaka mingi moshi huo umehesabiwa kuwa sehemu ya riziki, kwani lori lisiposimama, chungu hakiuziki. Lakini siku hizi kuna magari, mabasi na pikipiki zinazotumia umeme na hazina hata bomba la moshi. Swali linaloulizwa sasa ni hili: yatachajiwa wapi yakiwa safarini? Wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la mafundi wa stima pekee. Ukweli ni kwamba linahusu mapafu ya mama anayepika kando ya barabara, macho ya dereva aliyechoka na hata friji ya chanjo katika zahanati ya jirani.

MOSHI UNAVYODHURU

Moshi wa dizeli si gesi tupu. Ndani yake mna chembechembe za masizi zisizozidi mikromita 2.5, ambazo ni ndogo mno kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzishinda mara 20 hadi 30. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi yake hupenya na kuingia katika damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na pumu, bali hufika kwenye moyo na ubongo, yakachangia shinikizo la moyo na kiharusi. Kwa mama mjamzito, hewa chafu huongeza uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Mwezi Juni mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. WHO inakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulichangia vifo vya mapema vipatavyo milioni 4.2 duniani mwaka 2019.

Ni kweli kwamba mafuta yetu yamesafishwa kiasi. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa nchini mwaka 2006, na tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa kidogo. Hata hivyo, injini kuukuu isiyotunzwa hutoa masizi hata ikipewa mafuta mazuri. Isitoshe, lori kubwa likiachwa linanguruma hali limesimama linaweza kunywa lita 2 hadi 4 za dizeli kwa saa moja. Yakisimama hivyo malori kumi usiku kucha, aliyelala jirani ndiye anayevuta matokeo.

UMEME UMEKWISHA INGIA BARABARANI

Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria jijini Nairobi mwaka 2022. Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa pikipiki za umeme ambazo mwendeshaji hubadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa badala ya kungoja chaji. Majirani pia hawakulala. Ethiopia ilisimamisha uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mapema mwaka 2024, na Rwanda iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria jijini Kigali tangu Januari 2025.

Kenya ina bahati moja kubwa. Karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, maji, upepo na jua. Kwa hiyo gari linapochajiwa hapa, moshi hauhamishwi tu kutoka barabarani hadi kwenye mtambo wa makaa ya mawe mahali pengine. Mwaka 2023 mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ilitangaza bei maalum ya umeme wa magari: Sh16 kwa uniti moja saa za kawaida na Sh8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na ada nyingine. Mwaka huo huo ilitoa mwongozo wa kujenga vituo vya kuchaji na kubadilisha betri.

HESABU YA BETRI

Kwa nini mji kama Maungu uhusike? Kutoka Mombasa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 120, na safari yenyewe ni ya kupanda kutoka usawa wa bahari. Gari dogo la umeme la zamani lenye betri ya uniti 24 lilikwenda umbali unaokaribia huo lilipokuwa jipya. Likitoka Mombasa limejaa, na likiwa limetumika miaka kadhaa, huenda lisifike Voi. Gari lenye betri ya uniti 40 au zaidi litapita bila wasiwasi, lakini kutoka hapo hadi Nairobi bado kuna zaidi ya kilomita 350.

Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban kilowati 3, hivyo betri ya uniti 40 huhitaji zaidi ya saa 13 ili kujaa. Chaja ya haraka ya kilowati 50 huifikisha betri hiyo asilimia 80 kwa muda wa saa moja hivi. Lori ni jambo jingine kabisa. Betri yake inaweza kuwa ya uniti 400 au zaidi, na kwa chaja hiyo ya kilowati 50 dereva atangoja saa 8. Ili aondoke baada ya saa moja na ushei, inahitajika chaja ya kilowati 350.

Sasa tuseme malori kumi yamechomekwa kwa pamoja kwenye chaja za aina hiyo. Hizo ni kilowati 3,500, sawa na kuwasha birika 1,750 za umeme za kilowati 2 kwa wakati mmoja. Laini iliyojengwa kwa ajili ya taa, redio na friji za mji mdogo haiwezi kubeba mzigo huo. Ikilazimishwa, umeme hupungua nguvu au hukatika kila mara. Hapo ndipo afya inapoguswa moja kwa moja, kwa sababu chanjo nyingi lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na mashine ya oksijeni haifanyi kazi gizani.

Kwa hiyo kituo cha malori kinahitaji laini na transfoma yake chenyewe, mbali na ile ya zahanati na nyumba za watu. Paneli za jua na betri za akiba zinaweza kupunguza mzigo, na eneo hili la Taita Taveta halina uhaba wa jua. Kuchaji usiku pia kunafaa, maana umeme huwa na bei nafuu na malori huwa yamelala.

DEREVA NAYE APATE CHAJI

Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Wengi hulijua sharti hilo, lakini presha ya kufikisha mzigo huwafanya waendelee huku macho yakifumba. Lori la umeme halina hiari hiyo. Betri ikiisha, lazima lisimame.

Mapumziko hayo yanaweza kuokoa maisha, iwapo kituo kitajengwa kwa ajili ya mtu na si gari tu. Joto la sehemu hizi ni kali, hivyo kivuli, maji safi ya kunywa, choo na mahali pa kujinyoosha ni mahitaji ya lazima. Dereva anayekaa kitako siku nzima na kula vyakula vya mafuta usiku yuko katika hatari ya shinikizo la damu na kisukari, na mara nyingi hajui kwa kuwa hana siku ya kwenda hospitali. Muda wa kuchaji unatosha kupimwa damu na sukari, na kupata ushauri na kipimo cha Ukimwi bila kuchelewesha safari.

Wafanyabiashara nao wasisahauliwe. Agizo la mwaka 2019 la kupeleka mizigo ya bandari kwa reli, ambalo liliondolewa mwaka 2022, liliwafunza wakazi wa miji ya barabara hii jinsi malori yakipungua mifuko nayo hukauka. Lori linalongoja chaji kwa saa nzima ni mteja, mradi vibanda viwe karibu na kituo, wala si kituo kujengewa ukuta mbali na mji.

MOTO NA MAJI

Mafuta yana hatari yake, kama ilivyoonekana Sachangwan mwezi Januari 2009, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa lori la petroli liliposhika moto. Umeme nao una hatari za aina tofauti. Betri ya lithiamu iliyopondeka au kuharibika inaweza kuwaka yenyewe kutoka ndani, ikatoa moshi wenye gesi ya sumu inayochoma koo na mapafu. Moto wake huhitaji maelfu ya lita za maji, na huweza kuwaka tena saa kadhaa, hata siku kadhaa, baada ya kuzimwa.

Maungu ni mahali pakavu, na maji yake ni ya kutafutwa. Kituo kisicho na tangi la maji ya zimamoto na nafasi ya kutosha kati ya gari na gari hakijakamilika, hata kama taa zake zinawaka. Wahudumu wa vituo, polisi na vijana wa bodaboda, ambao ndio hufika kwanza penye ajali, wafundishwe kukaa upande unakotoka upepo na kutogusa nyaya nene za rangi ya machungwa zilizo ndani ya magari haya, kwani ndizo zinazobeba umeme mkali.

FUNZO LA OWINO UHURU

Betri huzeeka. Zitakwenda wapi? Swali hili lina jibu chungu karibu na barabara hii hii. Huko Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilieneza sumu ya madini ya risasi miongoni mwa wakazi wapatao 3,000 kabla ya kufungwa mwaka 2014. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na WHO inasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Julai 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Baada ya kesi kupanda na kushuka, Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo Desemba 2024.

Betri ya lithiamu haina risasi, lakini magari mengi ya umeme bado yana betri ndogo ya volti 12 iliyo na risasi, na baadhi ya tuktuk za umeme huendeshwa kwa betri za aina hiyo. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inamtaka mtengenezaji au mwingizaji wa bidhaa awajibike hadi mwisho wa maisha ya bidhaa hiyo. Kila kituo cha chaji basi kiwe pia mahali pa kurudisha betri mbovu, zisije zikavunjwa kwa nyundo nyuma ya nyumba.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, ni hatari kuchaji mvua ikinyesha? Chaja iliyotengenezwa kwa viwango haipitishi umeme mpaka plagi ishike sawasawa na gari liwasiliane na chaja. Usitumie kebo iliyochubuka au plagi iliyovunjika.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo je? Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2023 uliwachunguza wagonjwa 130 wenye vifaa hivyo wakitumia chaja kali, na hakuna kifaa kilichovurugika. Hata hivyo, usisimame karibu na kebo bila sababu, na umuulize daktari wako.

Naweza kuchaji pikipiki chumbani? La. Usichaji mlangoni wala mahali mnapolala, kwani moto ukizuka hamtakuwa na njia ya kutoka. Usiunganishe nyaya za kuongezea. Mwite fundi mwenye leseni akuwekee laini ya peke yake.

Je, vumbi litakwisha? Halitakwisha lote. Tairi na breki za gari la umeme nazo hutoa chembechembe. Zaidi ya hayo, gari hili halina kelele likienda polepole, kwa hiyo wazee, watoto na wasioona wako hatarini. Mfunze mtoto wako atazame pande zote mbili, asitegemee masikio.

YA KUFANYA TANGU SASA

Malori ya umeme hayatajaza barabara hii kesho asubuhi, na kungoja bila kufanya lolote ni kuendelea kuvuta moshi. Madereva wazime injini wanaposimama. Wenye malori wabadilishe vichungi na kupima injini kwa wakati. Wapishi wasogeze majiko mbali na yanakoegeshwa magari. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende akapimwe kifua kikuu, asiseme ni vumbi tu.

Nao wakazi, siku watakapoitwa kwenye baraza kutoa maoni kuhusu kituo cha chaji, waulize maswali manne: laini ya umeme ni ya nani, maji ya kuzimia moto yako wapi, dereva atapumzika wapi, na betri mbovu zitapelekwa wapi. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii ni rahisi zaidi kuipata kabla msingi haujachimbwa.