Taa ya Oili Ikiwaka Katikati ya Jaruba

Mvua zikishachanganya, majaruba ya mpunga katika eneo la Mngeta huchavangwa mpaka usiku. Trekta la kukodi likimaliza kwa huyu linahamia kwa yule, na wanaolisubiri hawaishi kumpigia dereva simu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka wakati huo, dereva hufanya moja kati ya mawili: anaongeza oili na kusonga mbele, au anachomoa waya taa isimkere. La pili ni kuua injini kwa makusudi. La kwanza nalo linatokana na kutoielewa taa yenyewe.

Taa ile husoma presha ya oili, wala haijui sampu ina lita ngapi. Pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu, ikaipitisha kwenye filta na kuisukuma mpaka kwenye beringi za krenkshafti. Aliyewahi kuchota maji kwenye pampu ya mkono ya kijiji anajua kwamba kisima kinaweza kufurika na maji yasipande, kwa kuwa washa za ndani zimelika. Injini nyingi huwasha taa presha ikiwa imeshuka hadi karibu na baa 0.5, yaani hali imekwisha kuwa mbaya. Beringi zikikosa oili zinasagana na chuma, na dakika chache zinatosha injini kunoki.

Kwa hiyo zima injini papo hapo, hata kama matairi yamezama matopeni. Wazo la “ngoja nifike tutani kwanza” limegharimu krenkshafti nyingi.

Subiri kama dakika 10 oili ishuke, kisha vuta dipstiki. Hapa majaruba yana hila yake: trekta lililozama upande mmoja linadanganya, na kipimo cha kweli hupatikana likiwa sawasawa. Ulalo huohuo, oili ikiwa pungufu, unaweza kuiacha pampu ikivuta hewa, taa ikawa inawaka na kuzima. Ukikuta oili iko chini, ongeza ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, usivuke alama ya juu. Ikizidi, krenkshafti huipiga ikatoa povu, na povu halijengi presha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni oili iliyopanda yenyewe bila mtu kuongeza. Inuse. Ikinuka dizeli, basi dizeli inavujia kwenye sampu. Katika Massey Ferguson za zamani zenye injini ya Perkins, mshukiwa wa kwanza ni kiwambo cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi, presha ikaporomoka injini ikipata moto. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia: pengine gasketi ya silinda hedi imeungua, pengine injini ilizamishwa wakati wa kuvuka mto. Katika hali zote hizo kuongeza oili hakusaidii kitu. Usiwashe tena mpaka chanzo kizibwe, oili yote imwagwe na iwekwe mpya.

Oili ikiwa safi na ya kutosha, ndipo fundi aanze kushuku umeme. Fungulia swichi ya ufunguo bila kupiga stata: taa lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika, na trekta hilo limekuwa likifanya kazi bila mlinzi. Panya wa mashambani na ghalani wanahusika sana hapa. Wakiukata waya, taa haiwaki kamwe. Wakiumenya tu ukagusa bodi, taa haizimi hata injini ikiwa nzima.

Lakini usimkubalie fundi anayesema “ni sensa tu” kabla hajapima. Aifungue sensa hiyo, yaani swichi ya presha inayowasha taa, afunge geji mahali pake, awashe injini kwa muda mfupi na kusoma. Geji ikionyesha presha inayotakiwa kitabuni, badilisha swichi, kazi imekwisha. Ikiwa chini, sampu ifunguliwe: chujio la pampu limeziba, pampu imelika, au beringi zimeachia nafasi.

Pawatila, ambazo wakulima wengi walizifahamu baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009, mara nyingi hazina taa wala dashibodi. Injini nyingi za Kichina za silinda moja, zikiwemo za pawatila na zinazoendesha mashine za kukoboa mpunga, zina kidude chekundu juu ya kifuniko cha vavu. Injini ikiwaka, oili hukisukuma kikainuka. Kisipoinuka, zima. Nimekuta vingi vimefunikwa na vumbi la pumba na grisi kiasi kwamba mwenye mashine hajui kama kipo. Kifute kwa kitambaa kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Swichi ya presha ni kipuri kidogo kinachoingia mfukoni. Krenkshafti ikiharibika, inabidi injini ishushwe, krenki ipelekwe mjini kuchongwa na beringi za saizi yake zitafutwe, huku msimu ukiendelea. Wewe mwenye trekta, kesho kabla halijatoka nyumbani, geuza ufunguo mwenyewe uone kama taa inawaka. Isipowaka, muulize dereva waya uko wapi.