Sanduku la kutagia bata: mie nilikosea, wewe usirudie



Leo siasa tuiweke pembeni kidogo, tuzungumze bata. Najua wapo watakaocheka, lakini subirini. Bibi yangu yuko shamba, Bumbwini, na kila mwaka skuli zikikaribia kufunguliwa, sare na madaftari ya mdogo wangu vinatoka kwenye bata wake. Bata wakifa, mtoto anakwenda na viatu vya mwaka jana. Kwa hiyo kwetu hii si mada ya kuchekesha.

Mwaka ule bata mmoja alitagia chini ya mgomba, mahali wazi kabisa. Kunguru walikuwa wanakaa juu ya mwembe wanasubiri tu. Bata akiondoka kwenda kula, wanashuka. Mayai yakaliwa karibu yote, na vifaranga watatu waliobahatika kutoka hawakumaliza wiki. Mie nimemaliza Form Four, sina kazi ya maana, nikaona jamani hata hili linishinde? Nikachukua msumeno.

KWANZA UMJUE BATA MWENYEWE

Yule bata wa majumbani kwetu, mwenye uso mwekundu wa manundunundu, asiyepiga kelele bali anatoa sauti ya kufoka, si ndugu wa karibu wa bata wa kawaida wa Ulaya. Wataalamu wanamwita Cairina moschata. Kwao ni Amerika, kuanzia Mexico kushuka mpaka Amerika ya Kusini, na wenyeji wa huko walimfuga kabla Wazungu hawajafika. Ndugu zake walioko porini hadi leo wanataga ndani ya matundu ya miti mikubwa karibu na maji. Mtazame miguu yake, ana kucha kali za kushikia matawi.

Maana yake nini? Maana yake ukimuona bata wako anajipenyeza nyuma ya pipa au chini ya kitanda cha bibi, hana wazimu. Anatafuta tundu la mti. Anataka giza, ukavu, na mlango mmoja. Hata huku Afrika Mashariki tunao bata pori wa aina hiyo, kama yule mdogo mzuri anayeitwa Nettapus auritus, ambaye naye hutaga kwenye matundu ya miti. Ukikata miti yote mikongwe, unakuwa umembomolea nyumba.

Na kunguru je? Huyu tunayemuona kwenye kila paa la Mji Mkongwe si mwenyeji. Aliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka zikabaki, na yeye akabaki. Miaka ya 1990 ilifanyika kampeni kubwa ya kuwapunguza, wakapungua kweli, halafu iliposimama wakajaa tena. Kwa hiyo usisubiri kunguru waishe ndipo ufuge. Mfiche bata wako.

KOSA LANGU

Nilitengeneza masanduku matatu kwa mbao za pallet. Nikayapanga ukutani, yamebanana kama maduka ya Darajani, milango yote inatazama uwanjani. Nikajiona fundi! Bata wakaingia siku ileile.

Baada ya wiki kadhaa nikafungua. Sanduku la kwanza, tupu. La pili, tupu. La tatu nikahesabu mayai 31, na bata mmoja kayalalia, mbawa kazitandaza mpaka anatia huruma. Siku 35 zikafika. Wakatoka vifaranga wanne. Yaliyobaki yote viza, mengine yanapasuka kwa harufu. Bibi akaniambia: "Mjukuu wangu, hawa hukuwajengea nyumba, umewajengea soko."

Nikarudi mjini, nikalipia saa nzima intaneti, nikasoma. Kumbe alivyosema bibi ndivyo walivyogundua Wamarekani.

Kule Marekani wana bata wao wa mitini, Aix sponsa. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa karibu kutoweka, kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa miti mikongwe. Mwaka 1918 ikapitishwa sheria ya kuwalinda ndege wanaohama, na kuanzia miaka ya 1930 watu wakaanza kumtundikia masanduku ya mbao, jimbo la Illinois likiwa miongoni mwa ya mwanzo. Bata wakaongezeka sana. Lakini masanduku yakatundikwa mahali pa wazi tena karibu karibu, ili iwe rahisi kuyakagua. Mwaka 1988 watafiti Brad Semel, Paul Sherman na mwenzao wakachapisha walichokiona: kwenye masanduku ya namna hiyo bata wengi walitaga kwenye kiota kimoja, na mayai mengi hayakuanguliwa. Yale yaliyofichwa, kila moja peke yake, yalikuwa na afadhali kubwa.

Sababu ni nyepesi. Bata akimuona mwenzake anaingia tundu fulani, anasema hapa pazuri, naye anaingia kutaga. Mama mmoja hawezi kufunika mayai 31. Ya pembeni yanapoa, yanasukumwa katikati, mengine yanatoka tena pembeni. Vilevile hayakuanza siku moja, kwa hiyo wa mwanzo wakitoka, mama anaondoka nao na kuyaacha yaliyobaki.

JINSI YA KUTENGENEZA

Chukua kalamu uandike vipimo kabla muda wako haujakata.

1. Upana sentimita 50, kina 60, urefu wa kwenda juu 50. Mbao za pallet zinatosha, ila toa misumari yote ya zamani.

2. Mlango sentimita 20 kwa 20, uwe upande mmoja, usiwe katikati. Chini yake acha kizingiti cha sentimita 12 ili mayai na maranda yasimwagike.

3. Ndani weka ubao wa kukinga, ili bata akiingia akate kona kidogo ndipo afike kwenye mayai. Mlangoni ning'iniza kipande cha gunia ulichokichana chana. Sisemi kunguru hawezi kuingia, ila ni mwoga wa mahali asipoona mwisho wake.

4. Paa liwe na mteremko na bawaba, ulifungue kutoka juu. Bila hivyo hutasafisha, nakuhakikishia.

5. Toboa vitundu vidogo karibu na paa kupitisha hewa, na vichache sakafuni maji yatoke. Chini ya sakafu pigilia wavu wa chuma wa matundu madogo kuzuia panya.

6. Usipake oili chafu ndani! Najua mafundi wetu wanaipenda kwa ajili ya mchwa. Ganda la yai linapumua, oili ikiligusa inaziba vitundu vyake na kifaranga anakufa humo ndani. Oili ibaki kwenye miguu ya sanduku, kwa nje tu.

7. Tia maranda makavu ya seremala, unene wa sentimita 10. Nyasi mbichi zinaota ukungu.

PA KULIWEKA

Liinue juu ya tofali moja. Mlango utazame ukuta au kichaka, nafasi ya kama mita moja, usitazame uwanja. Usielekeze kusini, maana masika mvua inakuja na kusi na maranda yataloa. Na kubwa kuliko yote: sanduku moja lisionekane kutoka kwenye jengine. Mie sasa moja liko nyuma ya jiko, jengine kwenye migomba, la tatu upande wa pili wa nyumba.

KULITUNZA

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Kujenga ni siku moja, kutunza ni kila wiki.

Bata akianza kutaga, andika tarehe kwenye kila yai kwa penseli. Yakizidi 13, toa ya ziada mapema, ule au uuze, kabla hajaanza kulalia. Akishaanza, subiri atoke kwenda kula na kuoga, ndipo ufungue. Maranda yaliyoloa badilisha. Siku ya 10 mulika mayai kwa tochi gizani: yenye mishipa ya damu yapo hai, meupe kabisa toa. Ukiona utitiri, nyunyiza majivu makavu kwenye maranda. Siafu wakipita karibu, simamisha miguu ya sanduku ndani ya makopo ya maji. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Vifaranga wakitoka, usiwaachie uwanjani hivi hivi. Waweke chini ya tenga pamoja na mama yao wiki tatu au nne, la sivyo umemfugia kunguru. Halafu sanduku litoe kila kitu, maganda na maranda uyafukie, lipigwe jua siku mbili, ndipo utie maranda mapya.

MATOKEO

Msimu uliofuata, sanduku la migombani lilikuwa na mayai 13, wakatoka 11. La nyuma ya jiko 12, wakatoka 9. La tatu bata hakulitaka, sijui kwa nini, bibi anasema linanuka rangi. Mdogo wangu amepata sare mpya na viatu, na kilichobaki bibi amenunua mbao za masanduku mengine mawili. Safari hii kaniambia mapema: "Usiyapange."

Hata wewe unayekaa Ng'ambo na kijiuwa kidogo nyuma ya nyumba, sanduku moja linatosha. Mwenye ujuzi mwengine wa kuwazuia kunguru aseme hapo chini, tufaidike wote. Ila wa "wapige risasi" apumzike, tushamsikia.

Nawasilisha.