Uzi 🧵: Mwakenya, vyeti feki na nani huadhibiwa

Kila msimu wa kampeni mgombea huulizwa: "Digrii yako ulisomea wapi?" Swali ni halali. Sheria ya uchaguzi inadai digrii kwa anayetaka urais au ugavana. Lakini tukishamaliza kucheka vyeti feki, hatuulizi kinachoendelea darasani. Twende.

Kwanza hilo jina, mwakenya. Lilikuwa la kundi la siri la miaka ya 1980, na watu walifungwa kwa kuhusishwa nalo na vikaratasi vyake. Leo ni kikaratasi cha majibu ndani ya soksi. (Siasa na mtihani ni majirani wa kitambo.)

Muhula uliopita rafiki yangu hapa Bungoma alishikwa na kimoja. Mistari sita. Amesimamishwa mwaka mzima, sasa yuko kwao Kitale anavuna mahindi ya watu. Alikosea, sitamtetea kwa hilo. Lakini kwenye ploti yao hiyo hiyo kuna jamaa anayewaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha, analipwa kwa dola, na mtaa mzima unamwita mchapakazi. Hata mimi niliwahi kumwomba anifundishe hiyo kazi.

England iliharamisha biashara hiyo mwaka 2022, na sheria inamlenga muuzaji, si mwanafunzi. Huku kwetu Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 ni kali, ila ni ya mitihani ya baraza lenyewe kama KCSE. Chuoni unakutana na kamati ya nidhamu, basi.

Na msiniambie ukali hausaidii. Ulinzi wa mitihani ulipokazwa 2016, A za KCSE zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141! Shida ni kwamba insha ya chuo haina msimamizi wala kontena lenye kufuli.

Mhadhiri wetu mmoja anajaribu njia nyingine: unaketi mbele yake dakika tano, unaeleza ulichoandika. Jamaa wa tatu kuingia alitoka jasho likimtiririka. Lakini darasa lina zaidi ya watu mia mbili, na kazi hiyo ilimla wiki mbili bila shilingi ya ziada. Wenzake hawajamwiga, na siwalaumu.

Kwa hivyo mgombea akija Kitale au Bungoma akiapa kumaliza wizi wa mitihani, muulize ataajiri wahadhiri wangapi, na kwa bajeti ipi.