Sheria Ilimtoa Bwana, Deni Likabaki

Ijumaa hii tungependa kuzungumza na familia zetu juu ya jambo lililopita katika mwambao wa Ziwa Nyasa miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na ambalo kwa maoni yetu bado halijatoka majumbani mwetu.

Katika karne ya 19 mateka walivushwa ziwa kwa majahazi kutoka Nkhotakota, wakachanganywa na waliotekwa upande huu wa kwetu, kisha misafara ikashika njia ya kwenda Kilwa Kivinje. Kikole, katika Mbinga, palikuwa na kituo cha misafara cha mfanyabiashara Rashid bin Masoud. Wamatengo nao walijikusanya milimani kuyakwepa mashambulizi ya Wangoni, na katika miteremko ile mikali wakalima kwa mashimo ya ngoro, ambayo msafiri wa Mbinga huyaona hata leo. Tuseme wazi kwamba wengi wa wenye misafara walikuwa Waislamu. Kulificha hilo si kuutetea Uislamu.

Wajerumani walikuja kwa kauli ya kuukomesha utumwa. Meli yao ya Hermann von Wissmann, iliyoshushwa ziwani mwaka 1893, iligharimiwa kwa fedha za bahati nasibu iliyochezwa huko Ujerumani kwa ajili ya kupinga utumwa (kamari, msomaji, kwa ajili ya jambo jema). Agosti 1914 meli hiyo hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, Waingereza walipoishambulia kutoka katika meli yao ya Gwendolen. Kati ya miaka hiyo miwili, 1893 na 1914, serikali iliyoileta haikupata kuufuta utumwa katika nchi hii.

Ilichofanya ni kutunga sheria za nusunusu. Amri ya mwaka 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa malipo na kupewa hati ya uhuru. Amri ya 1904 ilitangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Aliyezaliwa siku moja kabla alibaki alivyo. Unguja, Sayyid Hamoud bin Mohammed alikuwa ameuondolea utumwa nguvu ya kisheria mwaka 1897, ingawa masuria walingoja hadi 1909. Kwa Tanganyika, sheria ya kuufuta kabisa ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Kabla ya hapo, watu wengi hawakuingoja sheria. Waliondoka kwa miguu yao usiku, na bwana akaamka peke yake.

Linalotushughulisha hasa ni lile neno kujikomboa. Mwanafunzi wa fiqhi atalitambua mara moja, kwa kuwa linafanana na kitaba, yaani mkataba ambao mtumwa huandikiana na bwana wake ajilipie uhuru kwa mafungu. Lakini tazameni tofauti. Katika Suratun Nur, aya ya 33, bwana anayeandika mkataba huo anaamrishwa pia ampe mtu huyo katika mali. Na katika Suratut Tawba, aya ya 60, ukombozi wa watumwa umetengewa fungu katika zaka. Sheria ilijua kwamba mtu akifunguliwa mnyororo akavikwa deni atakuwa hajafunguliwa, ndiyo maana ikaiweka mali upande wa mwenye kudaiwa. Hati ya Mjerumani haikuwa na fungu kama hilo. Mara nyingi mwenye shamba kubwa ndiye aliyemlipa bwana fidia, kisha yule aliyekombolewa akaenda kuitumikia fedha hiyo shambani. Alibadilisha bwana, basi.

Wala jambo hili halikuwa la Afrika pekee. Marekani iliufuta utumwa mwaka 1865, lakini katika majimbo ya kusini deni lilichukua nafasi ya mnyororo. Mtu mweusi aitwaye Alonzo Bailey alipokea dola 15 za malipo ya kutangulia huko Alabama, akaahidi kufanya kazi mwaka mzima kwa dola 12 kwa mwezi. Baada ya mwezi mmoja na siku chache aliacha kazi, akashtakiwa kama tapeli na kuhukumiwa. Sheria ya jimbo ilihesabu kule kuondoka bila kulipa kuwa ushahidi wa kutosha wa utapeli. Januari 1911 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliibatilisha sheria hiyo, kwa hoja kwamba kumlazimisha mtu kazi kwa sababu ya deni ni utumwa ule ule uliokwisha kukatazwa.

Sasa turudi nyumbani. Binti anatolewa kijijini, Ruvuma au kwingineko, analetwa mjini kufanya kazi za ndani. Nauli imelipwa na mama mwenye nyumba. Mwezi wa kwanza haoni mshahara kwa sababu ya nauli, wa pili kwa sababu ya sahani zilizovunjika, wa tatu anaambiwa fedha zake zinatunzwa. Akitaka kwenda kwao, mfuko wake wa nguo unafungiwa chumbani. Mwenye nyumba huyu huenda hakosi swala ya Ijumaa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, imekataza kazi ya kulazimishwa, na kato la mshahara kwa ajili ya deni linahitaji mfanyakazi alikubali kwa maandishi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara nayo imeamrisha deni liandikwe. Waumini tunaikumbuka aya hiyo tunapokopeshana wenyewe kwa wenyewe, jikoni tunaisahau.

Tunapoulizwa, jawabu letu ni hili. Nauli iliyotumwa bila kutajwa kuwa ni mkopo haigeuki deni baadaye. Sahani iliyomponyoka mfanyakazi bila uzembe halipi, kwani mkono wake ni mkono wa amana. Ujira wa mwezi uliokwisha ni mali yake, na katika hadithi sahihi amehesabiwa kuwa hasimu wa Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama yule aliyemtumia mtu kazi kisha asimpe ujira wake. Na akiwa anadaiwa kwa haki, hudaiwa kama anavyodaiwa jirani: akiwa hana, hungojwa mpaka apate. Kuondoka anaondoka, na mfuko wake wa nguo anaondoka nao.