Maua Yatanguliayo Mvua

Twasikia kwamba Wajapani hutoka majumbani pamoja na watoto wao kwenda kutazama maua ya miti. Nasi watu wa Kahama tunao msimu wetu wa maua, ila wengi wetu twaupita bila ya kuutazama.

Msimu huo huja Septemba na Oktoba, nyasi zimekauka na mvua za Novemba hazijanyesha. Mizizi ya miti ya miyombo huenda chini sana, kwa hiyo miti hiyo haingojei mvua. Majani machanga ya mtundu hutoka mekundu kabla ya kugeuka kijani, hata mgeni hudhani ni maua. Mninga nao hujivika maua ya manjano kabla haujapata majani.

Waende wapi wapendao kuyaona? Atokaye Kahama na aelekee Ushetu na Ulowa, au ashike njia ya Ushirombo, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwenye nafasi zaidi na afike kisiwa cha Rubondo, Mkoa wa Geita, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Humo mna msitu mnene na maua ya okidi.

Enyi wazazi, mkiwa huko waonyesheni vijana nyuki, kiumbe ambaye sura nzima ya Kurani, An-Nahl, imeitwa kwa jina lake. Asali tuilayo hutoka katika maua hayo hayo. Basi akataye miyombo kwa mkaa, kwa kukaushia tumbaku, au kwa matimba ya mashimo ya dhahabu, amekata na asali. Naye abanduaye gome la mti mzima ili afanye mzinga, huua mti uliokuwa ukimlisha.

Wala hasara hii si ya kukatia tamaa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mpango huo uliihuisha desturi ya Wasukuma ya ngitili, nayo ni kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Visiki vikachipua tena, na nchi iliyokuwa tupu ikarudisha miti.

Yatupasa basi tuwatembeze watoto wetu wakayaone maua haya, na tuwakataze kuvunja matawi. Aliyekwisha kuupenda mti ukiwa na maua, hatafanya haraka kuushikia shoka.