Lumbesa ya mpira: saini moja benki, kura moja ukumbini

MNUNUZI wa vitunguu anayeteremka Mang'ola kutoka Karatu mjini hafanyi haraka ya kuuliza bei ya gunia. Huuliza kwanza gunia la namna gani. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini kila mkulima wa bonde la Ziwa Eyasi anaijua lumbesa: gunia lililoongezewa kipande cha gunia jingine juu na kushonwa kwa kamba, kisha likahesabiwa kuwa ni moja. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, halmashauri hutoza ushuru wa gunia moja, na ziada huonekana mzigo unapofunguliwa Arusha au Nairobi na kupangwa upya. Hakuna aliyevunja ghala wala aliyeiba usiku. Yote yamefanyika mchana, mbele ya karani.

Fedha za uongozi wa mpira wa miguu duniani, Afrika na hapa nyumbani zimekuwa zikifungashwa kwa mtindo huo huo. Kinachotangazwa ni gunia. Kilichoshonewa juu hujulikana baadaye sana, mara nyingi mahakamani.

Huenda msomaji wa ukurasa huu akajiuliza mpira unaingiaje katika habari za soko. Jibu ni kwamba kiasi cha fedha kimekuwa kikubwa mno kuachiwa kurasa za michezo. Katika mzunguko wa miaka minne wa 2019 hadi 2022, Shirikisho la Kimataifa (FIFA) liliingiza mapato ya zaidi ya Dola za Marekani bilioni 7.5. Kupitia mpango wake wa maendeleo uitwao FIFA Forward, kila nchi mwanachama ilitengewa hadi Dola milioni 1.25 kwa mwaka kuanzia 2016. Kwa kipindi cha 2023 hadi 2026 kiwango kilipanda hadi Dola milioni 8 kwa miaka minne, milioni 5 zikiwa za uendeshaji na milioni 3 za miradi. Wanachama ni 211, na kila mmoja ana kura moja. Ujerumani ina kura moja na kisiwa chenye watu wachache kuliko Wilaya ya Karatu kina kura moja.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara yenyewe. Anayegawa fedha ndiye anayeomba kura, na anayepokea fedha ndiye anayepiga kura. Katika kampuni, mwenye hisa huweka mtaji wake kisha akamkagua mkurugenzi. Katika mpira, mkurugenzi ndiye anayempelekea mwanachama fedha. Mwanachama wa namna hiyo ana sababu gani ya kukagua vitabu kwa ukali?

Mnyororo huu unafika mpaka vijijini. Timu ya vijana wa Barazani au Malekchand ikitaka kucheza ligi inayotambuliwa hujisajili kwenye chama cha wilaya. Chama cha wilaya kiko chini ya chama cha mkoa, yaani ARFA kwa Arusha. Vyama vya mikoa, pamoja na klabu za Ligi Kuu na vyama shiriki kama vile vya waamuzi na makocha, ndivyo vinavyopeleka wajumbe kwenye Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). TFF ina kura yake kwenye Shirikisho la Afrika (CAF), na nyingine FIFA. Ada hupanda ngazi hizo kwenda juu. Fedha za maendeleo hutakiwa kushuka kwa ngazi hizo hizo. Jinsi zinavyopungua njiani ni jambo ambalo kijana wa Mang'ola hana karatasi ya kulihakiki.

SAINI YA BENKI

Kesi inayofundisha zaidi hapa nchini ni ile iliyofunguliwa Juni 29, 2017 katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam. Aliyekuwa Rais wa TFF, Jamal Malinzi, aliyechaguliwa Oktoba 2013, alifikishwa mahakamani na Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) pamoja na Katibu Mkuu wake, Celestine Mwesigwa, na mtumishi wa idara ya fedha. Mashitaka yalikuwa 28, yakiwamo ya kughushi nyaraka na kutakatisha Dola 375,418. Kwa kuwa utakatishaji fedha ni shitaka lisilo na dhamana, viongozi hao walikwenda rumande na wakakaa huko muda mrefu.

Kwa mfanyabiashara, uzito wa kesi ile haukuwa kwenye ukubwa wa kiasi bali kwenye aina ya karatasi zilizobishaniwa. Karatasi ya kwanza ilikuwa ni ya uamuzi wa Kamati ya Utendaji, iliyodai kuwa kamati imekubali kubadili mmoja wa watia saini wa akaunti za shirikisho benki. Upande wa mashitaka ulisema kamati haikuwa imeamua hivyo. Kundi la pili lilikuwa ni risiti zilizoonyesha kuwa Rais ameikopesha TFF fedha zake binafsi kwa nyakati mbalimbali.

Hukumu ilitolewa Desemba 2019. Mashitaka ya kutakatisha fedha hayakusimama. Lililosimama ni lile la waraka wa watia saini: Malinzi alipatikana na hatia ya kughushi na kutakiwa kulipa faini ya Sh. 500,000 au kwenda jela miaka miwili, na Katibu Mkuu wake naye akatozwa faini. Wako waliocheka kuwa mlima umezaa panya. Kicheko hicho hakikuwa na msingi. Waraka wa kubadili mtia saini ndio ufunguo wa sanduku zima, na yeyote aliyewahi kuwa mwanachama wa SACCOS anafahamu kuwa mkutano wa kumbadilisha mtia saini ni mkutano mzito kuliko ule wa kugawa faida.

Lile la mikopo nalo lina funzo, ingawa halikuzaa hatia. Mwenyekiti anayekikopesha chama chake anaweza kuwa mtu mwema kabisa: timu ya taifa imekwama, tiketi za ndege zinatakiwa kesho, akaunti haina kitu, anatoa mfukoni. Vyama vingi vya ushirika vimeokolewa hivyo. Lakini siku fedha za FIFA zinapoingia, mdai wa kwanza anakuwa ni yule yule anayeidhinisha malipo. Benki yenye akili isingekubali mpangilio huo kwa mteja yeyote, labda kwa chama cha mpira tu.

MTINDO WA ZURICH

Isifikiriwe kuwa haya ni magonjwa ya nchi maskini. Kampuni ya ISL ya Uswisi, iliyokuwa dalali mkuu wa haki za matangazo na televisheni za FIFA, ilifilisika mwaka 2001. Nyaraka za waendesha mashitaka wa Uswisi zilizowekwa wazi Julai 2012 zilionyesha kuwa João Havelange, aliyekuwa Rais wa FIFA tangu 1974 hadi 1998, alipokea kutoka ISL si chini ya Faranga za Uswisi milioni 1.5, na mkwe wake wa zamani, Ricardo Teixeira wa Brazil, si chini ya Faranga milioni 12.74. Kwa sheria ya Uswisi ya wakati ule, kumlipa kiongozi wa chama binafsi ili akupe biashara halikuwa kosa la jinai. Kwa maneno ya Mang'ola, lumbesa ilikuwa halali.

Haki ya televisheni ni bidhaa isiyo na mizani. Kitunguu kikipimwa pungufu, mzani utasema. Haki ya kurusha Kombe la Dunia ina thamani gani? Ni ile ambayo wawili waliokaa mezani wamekubaliana. Mwenye kuuza si mwenye mali, hivyo akiuza kwa bei ya chini na kupewa tofauti pembeni, mwenye mali hajui kuwa ameibiwa. Ni mwendo huo huo uliowafikisha viongozi wa mpira wa Amerika mikononi mwa polisi katika hoteli moja ya Zurich alfajiri ya Mei 27, 2015, pale Marekani ilipotangaza mashitaka dhidi ya watu 14 juu ya hongo za zaidi ya Dola milioni 150 katika muda wa miaka 24. Siku sita baadaye Sepp Blatter alitangaza kuachia ngazi.

Afrika ilipata zamu yake. Novemba 2020, Ahmad Ahmad wa Madagaska, Rais wa CAF, alifungiwa na FIFA miaka mitano. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni safari ya Umra iliyogharimiwa na CAF kwa viongozi wa mpira, na mikataba ya CAF na kampuni ya vifaa ya Tactical Steel. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilipunguza adhabu hiyo hadi miaka miwili mwezi Machi 2021. Safari ya ibada si fedha taslimu wala si mkataba, lakini waalikwa ni watu wenye kura, na mlipaji ni sanduku la chama.

KWA NINI SERIKALI ISIINGIE NA KUSAFISHA?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake lina gharama inayoweza kuhesabiwa. FIFA hairuhusu serikali kuingilia uongozi wa chama mwanachama. Kenya ilijaribu. Novemba 2021, baada ya ukaguzi wa hesabu, Waziri wa Michezo Amina Mohamed aliuvunja uongozi wa Shirikisho la Kenya (FKF) chini ya Rais wake Nick Mwendwa na kuteua kamati ya muda. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya. Timu ya wanawake, Harambee Starlets, ilitolewa kwenye mechi za kufuzu na nafasi ikaenda Uganda. Timu ya wanaume ikafungiwa nje ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Adhabu iliondolewa Novemba 2022 na uongozi ule ule ukarejea ofisini. Mwendwa aliendelea mpaka uchaguzi wa Desemba 2024.

Tanzania, kwa makusudi au kwa bahati, ilipita njia nyingine mwaka 2017. Serikali haikuigusa kamati wala katiba ya TFF. Iliwashitaki watu kwa majina yao, kwa makosa ya kawaida ya jinai, katika mahakama ya kawaida. Makamu wa Rais, Wallace Karia, alishika nafasi, na Agosti 12 mwaka huo uchaguzi ulifanyika Dodoma akachaguliwa kuwa Rais. Nchi haikufungiwa hata siku moja. Waliohesabu faini ya Sh. 500,000 wakaona ni ndogo hawakuhesabu upande huu wa daftari.

Hata hivyo njia hiyo hukamata saini tu. Haifiki kwenye kura. Karia alirudishwa mwaka 2021 na tena 2025, mara zote mbili akiwa mgombea pekee aliyebaki, kwa kuwa kanuni zinamtaka anayewania urais adhaminiwe na idadi fulani ya wanachama wa Mkutano Mkuu na wengine hawakuifikisha. Hakuna kosa la jinai katika hilo. Lakini soko lenye muuzaji mmoja linafahamika bei yake hupangwaje, na mkaguzi wa ndani anayesubiri ushindani wa uchaguzi umsaidie kuibua maswali atasubiri sana.

ARUSHA 2027

Jambo hili linamgusa mkulima na mchuuzi wa Mang'ola kwa sababu ya kalenda. Septemba 2023 CAF iliwapa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, na Arusha, soko la karibu la vitunguu vya Eyasi, ni mmoja wa miji iliyopangiwa uwanja mpya, wa watazamaji 30,000. Timu, waamuzi, waandishi na mashabiki watakula. Hoteli zitanunua. Watoa huduma ya chakula watatafuta watu wa kuwapelekea vitunguu, nyanya na nyama kwa mkopo wa siku 30 au 60, na wadogo watakaovutiwa na jina kubwa la mashindano watakuwa wengi.

Mwenye mzigo atofautishe walipaji. Uwanja ni mradi wa Serikali. Zabuni za taasisi za umma hupita kwenye mfumo wa NeST, na deni lake, hata likichelewa, lina kifungu cha bajeti na Mkaguzi Mkuu nyuma yake. Hoteli ni mfanyabiashara mwenye leseni na mali inayoonekana. Chama cha mpira ni kitu cha tatu: ni chama cha wanachama, kimesajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, hakina hisa, na mali zake nyingi ni ahadi za wafadhili na ruzuku zenye masharti. FIFA hutaka ruzuku ya mradi itumike kwa mradi uliotajwa, hivyo fedha inaweza kuwapo benki na muuza vitunguu asilipwe kutokana nayo.

Kwa hiyo kabla ya kupakia fuso kwa hati ya ununuzi iliyotolewa na kamati yoyote ya michezo, msambazaji ana haki ya kuomba karatasi tatu: hati yenyewe ikiwa na muhuri na jina la mtoaji, barua inayoonyesha akaunti itakayolipa, na muhtasari wa kikao uliowataja watia saini wa akaunti hiyo. Ya tatu ndiyo ambayo wengi huona aibu kuiomba.