Punguzo la Fedha na Hesabu ya Butura

Katika Karagwe na Kyerwa hapana mtu mzima asiyejua butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini, hata pengine ingali maua, kwa mfanyabiashara atoaye fedha mbele. Lakini wengi hawajui ya kuwa mabenki makubwa nayo hufuata hesabu iyo hiyo. Yafaa basi tuieleze.

Shilingi itakayolipwa mwakani haina thamani sawa na shilingi iliyomo mkononi leo. Atakaye kununua ahadi ya mwakani hutoa pungufu, na pungufu hiyo ndiyo punguzo. Benki Kuu ya Tanzania huuza kwa mnada hati za Serikali za muda mfupi, za siku 35, 91, 182 na 364. Hati hizo hazilipi riba. Mnunuzi hutoa fedha chini ya thamani iliyoandikwa, na siku ikitimia hulipwa thamani kamili. Tufanye mfano: hati ya Sh. 1,000,000 ya siku 364 imenunuliwa kwa Sh. 900,000. Punguzo ni 10 katika 100. Je, faida nayo ni 10 katika 100? La. Mnunuzi alitoa 900,000, wala si 1,000,000. Na 100,000 juu ya 900,000 ni zaidi kidogo ya 11 katika 100.

Hapo ndipo wakopaji wengi wanapopotea. Mkopeshaji asemaye, "Nakukopesha 100,000 kwa mwezi mmoja, riba 10,000 naikata sasa hivi," ametoa 90,000 tu, naye mdeni hulipia riba fedha ambayo hakuishika kamwe.

Sasa tuitazame butura. Mkulima ana haja ya ada ya shule mwezi wa Januari. Kahawa itavunwa Julai. Gunia ambalo wakati wa mavuno lingempa, tuseme, Sh. 200,000, analitoa kwa 100,000. Watu husema amepoteza nusu. Kwa hesabu ya benki ni zaidi: ametumia 100,000 kwa miezi sita na kulipa 100,000 nyingine juu yake, yaani 100 katika 100 kwa nusu mwaka. Hati ya Serikali tuliyoitaja haikufika 12 kwa mwaka mzima!

Mfanyabiashara naye ana neno lake, wala si haki kulificha: bei ikianguka, hasara ni yake, na punguzo hupanda pamoja na hatari. Lakini yatazamwe maneno ya mapatano. Yakitaja miti, hatari ya ukame ni ya mnunuzi. Yakitaja magunia, mkulima hudaiwa magunia hayo hata miti isipozaa, na ukame hauwezi tena kuwa sababu ya punguzo kubwa namna ile.

Serikali imekataza butura, walakini ada ya shule haingoji mavuno, na kwa hiyo mtu hukopa po pote apatapo. Hata dukani Omurushaka hesabu hii yafaa. Bati likiuzwa 30,000 taslimu, na 36,000 kwa atakayelipa baada ya miezi sita, ile 6,000 ni riba, ijapokuwa mwenye duka ataiita punguzo la mlipa taslimu. Ni 20 katika 100, nayo ni ghali. Lakini ni sehemu ya tano tu ya gharama ya gunia lile.